Baba Mkwe Kwenye Benchi

Siku ya mwisho ya masomo ya darasani ya kozi ya uamuzi wa mpira, mkufunzi alibandika ukutani ratiba ya mechi za mtihani, nami nikakuta nimepangiwa timu ya kijiji nilikoolewa, kule Nyamira. Kocha wa timu hiyo ni baba mkwe wangu.

Nilimfuata mkufunzi papo hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mwamuzi mwenye uhusiano na timu aseme mapema, kabla filimbi haijalia, si baadaye.

"Mwalimu, kocha wa timu hii ni baba mkwe wangu."

Hakuinua kichwa. "Na huyu nyuma yako, kipa ni binamu yake. Yule pale dirishani, mwenyekiti wa timu ni mjomba wake. Mwingine ameniambia timu nzima ni ukoo wao. Nyinyi watu wa huku mna ndugu wangapi?"

"Langu ni tofauti, mwalimu."

"Kila mmoja ameniambia lake ni tofauti. Nikiwasikiliza nitachezesha mechi zote peke yangu, na miguu yenyewe ndiyo hii." Akanyoosha goti lake lililofungwa bendeji. "Nenda kachezeshe, dada. Ukijua sheria, baba mkwe ni mtu kama mtu mwingine."

Alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye maneno mazuri, na hakuwa na habari hata kidogo ya alichokuwa akisema.

Kwetu Gusii mke wa mtoto na baba wa mume huishi kwa kuachiana nafasi. Tunaita chinsoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya. Hatusalimiani kwa mkono. Hatukai kiti kimoja. Nikiingia sebuleni kwake, yeye hukumbuka kazi shambani. Nyumba yetu hajaikanyaga tangu niolewe. Mwaka ambao paa letu lilivuja, alisimama nje mvuani akimwelekeza fundi kwa kupaza sauti, na fundi akawa anatoka kila mara kumwuliza amesema nini. Nikiwa na neno kwake namwambia mama mkwe, naye anamfikishia, hata kama sote watatu tumesimama ua mmoja. Vijana wa mjini hupenda kusema mambo hayo yamepitwa na wakati. Wengi wao baba wakwe zao wanaishi mbali.

Sasa mtu huyo, ambaye sijawahi kumtazama usoni kwa zaidi ya kufumba na kufumbua, ndiye niliyetakiwa kwenda kumsimamia, kumwonya akikosea, na nikilazimika, kumtoa uwanjani. Nisipofaulu mechi ya mtihani sipati beji. Nisipopata beji narudia kozi nzima, siku itakapokuja nyingine, na hakuna aliyejua itakuja lini.

Na kozi yenyewe sikutaka kuirudia. Nauza rangi, misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na likizo yangu yote ya mwaka ilikwenda huko. Tulisomea katika ukumbi uliopakana na chumba cha mazoezi ya kwaya, kwa hiyo sheria ya kuotea niliisoma huku sauti ya nne ikirudia mstari mmoja wa wimbo asubuhi nzima. Mtihani wa mbio ulifanyika uwanja mmoja kule Kiogoro. Mkufunzi alikuwa akipima muda kwa simu yake. Tukiwa mzunguko wa mwisho, tunahema kama ng'ombe wa kulimia, simu ikalia, akaipokea. Alipomaliza kuzungumza na mke wake alitutazama kwa masikitiko ya kweli, akasema saa imejifuta. Tukakimbia upya. Kuna jamaa mmoja, muuza simu mjini, aliyekaa chini akasema haendi popote mpaka aonyeshwe kwamba simu imezimwa. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwamuzi wangu wa nne, na nitamrejea.

Basi ratiba ilipotoka, nilirudi nyumbani nikamwomba mume wangu azungumze na baba yake. Siku hiyo moja tu, timu iongozwe na mtu mwingine.

Mume wangu alitafuna chakula kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. "Unataka nimwambie mzee asiende mpirani? Si bora nimwambie asiende kanisani."

"Basi mwambie baba mwamuzi ni mimi."

"Anajua. Kijiji kizima kinajua. Wanasema siku hiyo hata wagonjwa watabebwa."

Jibu la mzee lilinifikia kwa njia yake ya kawaida. Mama mkwe alinipigia simu nikiwa dukani. "Baba anasema usijali. Atajiweka mbali."

"Mbali wapi, mama?"

"Mbali tu. Anasema ameshapanga."

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Baba mkwe wangu alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai hadi alipostaafu, na akipanga jambo hulipanga mpaka mwisho.

Nami nilipanga yangu. Kaptura ya mwamuzi mbele ya baba mkwe ni jambo lisilofikirika, hivyo nilikwenda soko la Daraja Mbili nikachambua mitumba mpaka nikapata suruali ya kubana, ndefu, nyeusi kabisa, kwa sababu sheria inataka kinachovaliwa chini ya kaptura kifanane nayo rangi. Muuzaji alitaka kunipa ya buluu. Nikamweleza. Akaniambia wateja wanaonunua kwa sheria wanamchosha.

Mechi ilikuwa Jumapili, maana kule kwetu wengi ni Wasabato, na Jumamosi hakuna anayegusa mpira. Uwanja uko katikati ya mashamba ya chai na una mteremko. Anayetetea goli la chini huupokea mpira wote wa siku hiyo, wake na wa jirani. Nilifika mapema, nikakagua nyavu, nikakagua njumu za wachezaji. Mkufunzi alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari wa katikati, kalamu mkononi. Kabla sijaanzisha mchezo akaniita.

"Benchi hili halina kocha. Karatasi ya timu ina jina lake. Yuko wapi?"

Nilijua yuko wapi. Nilikuwa nimemwona tangu nilipoingia. Ng'ambo ya uwanja, ndani ya shamba la chai, kilionekana kichwa chenye kofia ya sufu juu ya majani, na mkono ulioshika simu sikioni. Kwenye benchi, nahodha wa akiba alikuwa na simu ya pili. Huo ndio uliokuwa mpango wenyewe.

"Yuko kule, mwalimu. Kwenye majani."

"Anachuma?"

"Hapana. Anafundisha."

Mkufunzi alivua miwani. "Dada, kocha anakaa kwenye eneo lake. Mwite aje."

Kumwita baba mkwe kwa kumpungia mkono kama utingo anayeita abiria, sikuweza hata kuanza. Nilimtuma mwamuzi wa nne, yule muuza simu. Akaenda kwa miguu mpaka kwenye chai, wakaongea, akarudi peke yake.

"Mzee anauliza kama ni lazima."

"Ni lazima."

Akaenda tena. Safari hii walirudi wote wawili, mzee nyuma, akizunguka uwanja mzima kwa nje ili asikatize mbele yangu. Alisimama kwenye kona ya mwisho kabisa ya eneo la benchi, akageukia upande wa barabara. Mechi ikaanza kocha wa wenyeji akitazama magari.

Kipindi cha kwanza kilikuwa mateso kwa sote wawili. Kila mpira ulipokuja upande wa mabenchi nami nikaufuata, mzee alirudi nyuma, na alipokuwa tayari kwenye kona hakuwa na pa kurudi isipokuwa nje ya mstari. Kutoka nje ya eneo ni kosa. Mara ya kwanza nilijifanya sikuona. Mara ya pili mkufunzi alikohoa. Mara ya tatu nilimtuma mwamuzi wa nne amwambie mzee abaki ndani. Mzee akamjibu kwa sauti niliyoisikia vizuri, maana nilikuwa hatua chache kutoka hapo: "Mwambie refa asije sana upande huu."

"Refa, mzee anasema usije sana upande huu," mwamuzi wa nne akaniambia.

"Mwambie mpira ndio unaokuja."

"Mzee, anasema mpira ndio unaokuja."

Watazamaji walikuwa wanafurahi kuliko kama kungekuwa na mabao. Kijana mmoja aliyepanda juu ya pikipiki yake apate kuona vizuri akasema, "Madam refa, si umpigie tu simu, anayo." Mama mmoja mwenye mwavuli alimkemea kwa Ekegusii, akamwambia omokamwana, mke wa mwana, hachezewi. Kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka mwavuli ukaanguka.

Kipindi cha pili wenyeji walipata bao, na ndipo mambo yalipoharibika. Wageni walipokonya mpira katikati, mshambuliaji wao akaondoka nao kuteremka kuelekea goli la chini, mbele yake kipa tu. Kutoka benchi la wenyeji ukaruka mpira wa pili. Uliteremka na mteremko, ukaingia kwenye boksi, ukamgonga mshambuliaji kifundoni. Alianguka huku mipira miwili ikimpita.

Nilipiga filimbi. Sheria hapo iko wazi: kitu kikirushwa kutoka benchi kikaharibu mchezo ndani ya boksi, ni penalti, na aliyekirusha kwa makusudi anatolewa. Nilionyesha penalti. Halafu nikaenda benchi.

"Nani ametupa mpira?"

Benchi zima liliangalia mawingu. Nahodha wa akiba aliniambia mpira ulijiviringisha wenyewe. Nikamwuliza mwamuzi wa nne kama ameona. Hakuona, alikuwa amegeuka kumsikiliza mzee, aliyekuwa akimpa ujumbe mwingine kuhusu nisimame wapi.

Asipojulikana aliyefanya kosa, adhabu inamwangukia kocha mkuu aliye kwenye eneo. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo ukumbini na kwaya ikiimba, nikaona ni ya haki, ya kufundisha watu kusema ukweli. Sasa nikaona aliyeiandika hakuwahi kuolewa.

Mzee alikuwa kwenye kona yake. Alijua sheria, sina shaka, kwa sababu mabega yake yalishuka. Nikatoa kadi nyekundu mfukoni, nikaanza kumwendea. Naye alipoona mke wa mwanawe anakuja moja kwa moja kwake, alifanya alichofanya miaka yote: aligeuka, akanipisha. Akaondoka kwa mwendo wa heshima, akavuka mstari, akaingia kati ya watazamaji. Nikasimama, nikainua kadi. Niliionyesha mgongo wake, koti lake la Jumapili, na kisigino cha kiatu chake.

Nilishusha pumzi. Mtu ametolewa, mtu ameondoka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilikwenda kusimamia penalti. Kipa alibishana, mabeki walibishana, mama wa mwavuli alibishana. Wageni wakafunga.

Niligeuka kurudi katikati, nikamwona baba mkwe wangu kwenye kona ya eneo la benchi, amegeukia barabara, mikono nyuma.

Nilimwita mwamuzi wa nne. "Mzee anafanya nini hapo?"

Akaenda kuuliza. "Anasema anafundisha."

"Ametolewa."

Akaenda. Akarudi. "Anasema hajatolewa. Anasema ulikuja, akakupisha, ukaenda zako, akarudi."

"Nimemwonyesha kadi."

"Anasema hajaona kadi."

Bila shaka hakuona. Angeionaje, na ilikuwa mgongoni kwake? Wachezaji walikuwa wamekaa chini. Mkufunzi alikuwa anaandika, na kila nilipomtazama aliandika zaidi. Nilisikia hasira ikinipanda, si kwa mzee, bali kwa mpangilio mzima: kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, kwa benchi lililotazama mawingu, kwa watu wanaosema langu si tofauti. Nilitaka kukaa chini kama muuza simu nikatae kuendelea.

Badala yake nilimwambia mwamuzi wa nne, polepole, "Mwambie mzee naomba asinipishe. Naomba asimame hapo alipo. Nitamaliza upesi."

Akafikisha. Mzee alifikiri. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akatazama nyasi. Akasimama. Nilikwenda mpaka nilipoona panatosha, mbali kidogo kuliko kitabu kinavyotaka, nikainua kadi. Hata yule wa pikipiki alishuka akasimama chini. Mzee alisubiri mpaka mkono wangu ushuke, ndipo akasema kwa mwamuzi wa nne, "Mwambie nimeiona."

"Refa, anasema ameiona."

"Nimesikia."

"Mzee, anasema amesikia."

Akavaa kofia, akazunguka uwanja kwa nje, akarudi kwenye chai. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Muda si muda, kichwa kilitokea juu ya majani, simu sikioni, na ikabidi nimtume mwamuzi wa nne kwenda kuchukua simu ya benchi.

Mechi iliisha sare. Mkufunzi alinikalisha kwenye kiti chake cha plastiki, yeye akasimama kwa goti lake bovu, jambo lililonitisha zaidi.

"Penalti ni sahihi," akasema. "Kadi ni sahihi. Wengi wangeikwepa. Lakini kocha mmoja umemtoa mara mbili, na kila neno umelipitisha kwa mwamuzi wa nne kama barua ya posa. Niandike nini hapa?"

Nikamweleza chinsoni, yote, kuanzia mkono mpaka paa lililovuja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu."

"Uliniambia ni baba mkwe. Mimi baba mkwe wangu tunacheza bao pamoja, ananitukana na mimi namtukana."

Aliandika, akafuta, akaandika. Nilipita. Alisema alama nilizopoteza kwenye mawasiliano ni nyingi mno, ila za sheria zimenibeba, na akaniomba kwa hisani yangu nisichezeshe Nyamira tena mpaka nizeeke. Nikamwambia hilo ningependa aliandike. Hakuliandika.

Jumatatu nilikuwa dukani nikipima nyaya. Mama mkwe akapiga simu. Sikujua nitarajie nini. Mume wangu alikuwa ameambiwa na watu watatu tofauti kwamba nimeaibisha boma.

"Umepita?" akauliza.

"Nimepita, mama."

Alimwambia mtu aliyekuwa naye kwamba nimepita. Kisha akasema, "Baba anasema ni vizuri. Anasema kadi haina neno, sheria ni sheria, yule aliyetupa mpira ameshamjua na hatacheza." Akangoja. Nilisikia sauti ya mzee nyuma yake, si ndogo. "Lakini anasema haikuwa penalti. Mpira ulimgonga yule kijana nje ya boksi."

"Mwambie ulimgonga ndani."

"Anasema ndani," akamfikishia. Kisha akanirudia: "Anasema yeye alikuwa karibu kuliko wewe."

"Mama, yeye alikuwa anatazama barabara."

Safari hii hakuhitaji kufikisha. Nilisikia mzee akijibu kabla hajaambiwa, ila alimjibu mke wake. Naye akanirudishia neno kwa neno, kwamba barabara alikuwa anaitazama kwa jicho moja. Mteja wangu aliweka waya chini, akaegemea kaunta. Nikamwambia mama amwambie baba kwamba chokaa ya mstari ilibaki kwenye soksi ya kijana yule, na alama ya mpira ilikuwa hatua nzima ndani ya mstari. Mama akasema ngoja, ngoja, nianze na chokaa.